Kadi ya Meno Marefu

Mdogo wangu alikuwa apasuliwe moyo siku ya Jumanne, huko Ulaya aliko, na alikuwa amekataa katakata kuingia chumba cha kisu kabla mama hajamrudishia radhi. Mama naye alikuwa amekataa katakata kuirudisha kwa simu. Katikati yao nilikuwapo mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye magoti mabovu na kompyuta mbovu kuliko magoti, na mimi ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kutafuta kadi.

Kadi yenyewe ni kitu kidogo, kibao cha kijani kama kiganja cha mkono, kinachokaa ndani ya kompyuta kikanasa intaneti hewani bila waya. Ukikishika huwezi kuamini kwamba mtu mzima anaweza kulia kwa ajili yake. Mimi nililia, tena njiani, watu wakinitazama.

Lakini nianze na hiyo radhi, maana bila hiyo mtu atadhani nilikuwa nahangaikia mchezo. Mdogo wangu aliondoka nyumbani baba akiwa hoi kitandani. Aliondoka alfajiri bila kuaga, tukasikia baadaye kwamba yuko Dar, halafu tukasikia yuko Ulaya. Baba hakumaliza mwezi. Siku ya maziko, wanaume waliporudi kutoka makaburini, mama aliuliza ni nani aliyemshika baba kichwa wakati wa kumshusha. Wakababaika. Mwisho mmoja akasema ni mtoto wa jirani. Mama alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume. Akasema, mbele ya msiba mzima, kwa sauti ambayo si kubwa wala ndogo: "Yule mwanangu sina radhi naye."

Kina mama wakaruka. Astaghafiru, wakamwambia, futa kauli, mzazi hasemi hivyo. Hakufuta. Miaka ikaenda, nywele zikawa nyeupe, hakufuta. Mdogo wangu alipopata habari aliacha kumpigia mama, akawa ananipigia mimi. Ndoa yake ikavunjika, akasema ni radhi. Akafukuzwa kazi, akasema ni radhi. Nikawa namwambia, jamani, hata huku mlimani watu wanafukuzwa kazi kila siku na mama zao wanawapenda kama mboni ya jicho. Hakusikia. Sasa moyo wake umeharibika, madaktari wamesema ni kupasua, na yeye anasema siwezi kulala usingizi wa dawa na lile neno liko kichwani. "Dada, nikifa humo nitakwenda kumwambia nini baba?" Mtu akikuuliza hivyo kwenye simu, wewe umesimama jikoni unamenya viazi, utamjibu nini?

Nilimpelekea mama simu. Aliitazama kama nimempelekea chura. "Lile neno nililisema nikiwatazama watu usoni," akasema. "Nitalifuta nikimtazama yeye usoni. Niletee uso wake."

Haya. Nikamwambia basi twende mjini Lushoto, pale karibu na soko kuna chumba cha intaneti, utamwona kwenye kioo kabisa. Ebo! Nusura anipige na mwiko. "Radhi haitolewi sokoni. Inatolewa nyumbani, nimekaa kwenye kigoda changu." Na mama akishasema kigoda changu, mjadala umefungwa.

Ndipo nikaikumbuka kompyuta yangu. Niliinunua mtumba kwa ajili ya kuchapa mitihani, ile ya kulala chini kama sanduku, na kioo chake kizito chenye kisogo kinakaa juu yake. Jirani yetu wa upande wa juu ni hosteli ya wageni, wale wanaokuja kutembea msituni, na hosteli ilikuwa na dishi na intaneti ya hewani. Msimamizi wake nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa amenipa neno la siri siku nyingi, kwa heshima, na kwa sharti kwamba nitumie mchana wageni wakiwa matembezini. Kwa hiyo kila kitu kilikuwapo. Kamera ya kubandika juu ya kioo ilikuwapo, programu ya kuzungumza kwa picha ilikuwapo. Kilichokufa ni kadi tu. Ilikufa masika yale, kimya kimya, na sikuijali kwa sababu mitihani huchapwa bila intaneti.

Niliibeba kompyuta kwa pikipiki, nimeikumbatia kifuani, hadi kwa fundi karibu na stendi. Fundi huyu alikuwa mtoto wa huko Bumbuli, milima hii hii, mtu mwenye maneno kuliko vifaa. Kibandani kwake aliuza nyimbo, alipiga picha za pasipoti, alichaji simu, na alifungua kompyuta za watu, nyingine zikafungwa tena, nyingine hazikufungwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fungua uniambie."

Alifungua akachungulia. "Mwalimu, humu ndani unalima kabichi?" Akachomoa kadi, akaniinulia kwenye mwanga. Ile safu ya meno ya shaba, yanayoingia kwenye tundu, ilikuwa imeota ukoga wa kijani. "Ukungu umeila. Ulikuwa unaifunika?"

"Naifunika. Kitambaa cha kufuma, na juu yake nailoni, vumbi lisiingie."

"Ukishaizima tu, ikiwa bado ya moto?"

"Sasa ulitaka niifunike lini?"

"Basi umeivundika kama ndizi." Akacheka peke yake. Kila nyumba ninayoijua huku juu, yenye redio au televisheni, ina kitambaa juu yake. Mama aliwafundisha wasichana wa kijiji kizima kuvifuma. Hakuna aliyetuambia kwamba mashine nayo inatoa jasho.

Nikamwambia haya, nipe nyingine. Nilidhani kadi ni kadi. Nilidhani ni kama betri ya tochi, unasema nipe moja, unapewa, unakwenda.

Mimi nimekulia enzi za duka la kijiji. Sabuni ikija imekuja, ni ile ya mche, hakuna kuuliza harufu. Ukiona foleni unajipanga kwanza, ndipo unauliza wanauza nini. Tulitaabika, sikatai, na wala siombi zirudi. Lakini jambo moja ambalo hatukufundishwa ni kuchagua. Ikaja ruksa, milango ikafunguliwa, kila kitu kikapanda mlima: nguo za mitumba, redio za mitumba, baiskeli, majokofu, mpaka kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa. Zamani tulikosa vitu. Sasa vitu viko tele na hakuna kinachoingiana na mwenzake. Nilisimama pale kibandani nikahisi uchovu wa mwili mzima, uchovu wa mtu anayeulizwa maswali kwa lugha ambayo hakusomeshwa.

Fundi alisema kadi mpya hana, ataagiza, ila itachukua muda. Muda ndio sikuwa nao. Nikampigia binamu yangu aliyekuwa anaishi Dar, jirani na Kariakoo, nikamwambia niingilie madukani unitafutie kadi ya waifai ya kuweka ndani ya kompyuta ya mezani. Akauliza, yenye ukubwa gani? Nikaichukua ile maiti ya kadi yangu, nikaipima kwa vidole, nikamwambia vidole vinne kwa urefu. Akaniuliza, una hakika? Nikamwambia mimi nafundisha hisabati.

Kadi ikaja kwa basi, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, kondakta akanikabidhi stendi kama mtu anayekabidhi dhahabu. Ilikuwa nzuri, jamani. Mpya, inang'aa, na ndani ya pakiti yake kulikuwa na kijitabu cha lugha kumi. Nikampelekea fundi kwa kiburi kidogo. Akaitoa, akaitazama upande wa chini, akaangua kicheko mpaka mteja wa picha za pasipoti akafumba macho wakati wa kupigwa.

"Mwalimu, umepima kiwiliwili. Hukupima meno."

Kweli. Kiwiliwili kilikuwa vidole vinne barabara. Lakini meno yake, ile sehemu inayozama kwenye tundu, yalikuwa safu fupi, kidogo tu pembeni. Tundu za kompyuta yangu zilikuwa ndefu, za zamani, zote. Kadi za siku hizo zilikuwa za meno mafupi, na kwangu hakukuwa na tundu fupi hata moja.

"Hata mnadani," akaendelea yule fundi, maana hakuwa mtu wa kuacha neno likiwa nusu, "ng'ombe tunamfunua mdomo kwanza. Hatupimi mkia."

Hapo ndipo nilipolia. Si palepale mbele yake, la hasha, mwalimu halii mbele ya fundi. Nililia nikipanda njia ya nyumbani, kati ya mashamba ya kabichi, nikiwa nimeshika kile kibahasha. Na sikuwa nalilia kadi. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nani aliyemuuguza baba? Mimi. Nani amekaa na mama miaka yote, akamkanda miguu, akasikiliza manung'uniko yake asubuhi na jioni? Mimi. Sasa aliyekimbia anataka radhi, na aliyebaki anatafuta meno marefu. Nilikuwa nimechoka na wote wawili, nimechoka naye aliyetoroka na nimechoka na mama na kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Mama mmoja mpita njia akanipa pole, akadhani nimefiwa. Nikamwambia asante, bado.

Jioni ile mdogo wangu alipiga. Sauti yake ilikuwa imepungua, anapumua kila baada ya maneno mawili. Akauliza, imepatikana? Nilitaka kumwambia maneno yote yale ya njiani. Nikasema, bado kidogo, tuweke Jumapili mchana.

Ijumaa nikaomba ruhusa shuleni, nikarudi kwa fundi. Safari hii nilikaa chini kabisa, kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamwambia siondoki. Akanionyesha vitu vitatu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alisema polepole.

Cha kwanza kilikuwa kidude cha kuchomeka nje, kama kidole gumba. Kinaingia kompyuta yoyote, hakina habari ya meno. Nilifurahi mno. Akasema kichukue ukajaribu, kikikukataa nirudishie. Kwa kuwa yangu ilikuwa bado kwa fundi, nikaazima kwa saa moja kompyuta ya mkononi ya msimamizi wa hosteli, nikajaribu sebuleni kwa mama; yenyewe mle ndani haikunasa kitu. Nyumba ya mama kuta zake ni mawe na udongo, unene wa mkono mzima, na juu ni bati. Kile kidude kilinasa vizuri sana nilipokishika kwa mkono nje ya dirisha, na kilikata roho kila nilipokirudisha ndani. Mama alikuwa ananitazama nimening'inia dirishani. "Unavua samaki?" akauliza.

Modemu ya kampuni ya simu nilishaijaribu zamani. Kwetu ni bondeni kidogo, sauti inafika, ila intaneti yake inapatikana ukisimama nyuma ya banda la ng'ombe, na hata hapo picha ya mtu inakuja jicho leo, pua kesho.

Nikakirudisha kile kidude kwa fundi siku hiyo hiyo. Vikabaki viwili, vyote kutoka kwenye rundo lake la kompyuta zilizokufa, vyote vya meno marefu. Kimoja kilikuwa kifupi kwa kimo, kingekaa ndani ya sanduku langu bila taabu. Kingine kilikuwa kirefu, kimetoka kwenye kompyuta ile ya kusimama, na nyuma yake kulikuwa na antena yenye waya wake, ya kuweka mbali, hata dirishani ukitaka.

"Mchagua jembe si mkulima, mwalimu," akasema fundi, aliponiona nimekaa navyo mkononi kama mtu anayelinganisha mayai.

"Na asiyechagua atalima kwa mpini. Niambie tofauti."

Tofauti ilikuwa hii. Kile kifupi kilikuwa cha zamani mno, kilijua kufuli za intaneti za zamani tu. Hosteli ya jirani ilikuwa imebadilisha kufuli yake, imeweka ile mpya. Kadi ile ingeuona mtandao, ingeusoma hata jina, na isingeweza kuingia, kama mgeni anayebisha mlango ambao hana ufunguo wake. Nikampigia msimamizi wa hosteli kuhakikisha. Akasema ndiyo, mwalimu, tumeweka mpya, majirani walikuwa wanatuibia. Akaongeza upesi, si nyie, akanipa neno jipya la siri.

Kile kirefu kilijua kufuli zote mbili. Ila kwa kimo chake, mfuniko wa kompyuta yangu usingefunga. Ningelazimika kuiacha wazi, tumbo nje, na kioo nikiweke kando juu ya stuli.

"Ukiniuliza mimi," akasema fundi, "nunua kompyuta nyingine. Hii ni bibi. Hata ukiipata kadi, hujui itadumu miaka mingapi."

"Miaka?" nikasema. "Mimi nataka idumu Jumapili."

Sikuwa nimemwambia habari za mdogo wangu, nikamwambia pale, kwa maneno machache. Akaiweka kadi kwenye tundu, akaikandamiza kwa vidole gumba mpaka ikalia tak, akatafuta kwenye santuri zake za kompyuta programu ya kuiamsha, moja ikakataa, nyingine ikakataa, ya tatu ikakubali. Hakunitania tena siku ile. Aliponifungia mzigo kwenye pikipiki alisema tu, "Usiifunike, mwalimu."

Jumapili, baada ya adhuhuri, nilipanga sebule. Kompyuta juu ya meza, wazi, utumbo wake wote unaonekana, kadi imesimama katikati kama jino la mzee. Kioo kando yake. Antena nimeifunga kwenye nondo ya dirisha kwa uzi wa kufumia. Kigoda cha mama mbele ya vyote. Mama alioga, akavaa kanga zake za Idi, akajipaka mafuta ya nazi. Alikaa akiwa amenyooka. Mikono akaikalia.

Intaneti ilishika. Nikakaa chini kwenye mkeka. Kiduara kikazunguka zunguka kiooni, kompyuta ikalia, na mdogo wangu akatokea.

Alikuwa mzee. Hilo hatukulitazamia. Yeye na mimi huongea kila wiki, na sauti haizeeki, kumbe kichwa kimekwisha nywele na mashavu yameingia ndani. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati jeupe la hospitali.

"Shikamoo, mama."

Mama alisogeza uso karibu na kioo, akamkagua, paji la uso, macho, shingo. Nikawaza, ikikatika sasa hivi nitakufa mimi kabla yake.

"Marahaba," akasema mama.

Mdogo wangu akaziba uso kwa viganja. Mama akamwambia, kwa Kishambaa, atoe mikono, hakumleta pale kutazama mikono. Akaitoa.

"Umekonda."

"Ndiyo, mama."

"Nani alimshika baba yako kichwa?"

"Si mimi, mama. Nilitakiwa kuwa mimi. Niliogopa. Nilimwona anakufa nikaogopa, nikakimbia. Nisamehe, mama."

"Alikuita," mama akasema. "Alikuita usiku wote ule wa mwisho, nikamwambia umekwenda dukani."

Hilo hata mimi sikulijua. Nilimtazama mama, nikaona kwamba lile neno la msibani halikuwa hasira peke yake. Alikuwa amedanganya mtu anayekata roho, kwa ajili ya mwanawe, na hakuwahi kumwambia mtu. Mdogo wangu alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, na mama alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akageuka kwangu.

"Nipe maji."

Nilidhani ana kiu. Nikampa kikombe. Akapiga funda, mashavu yakajaa, na akainama mbele, na hapo ndipo nilipoelewa, nimechelewa. Kwetu, katika ukoo wetu, radhi haitoki kwa maneno matupu. Mzazi huchukua funda la maji akampulizia mwana kifuani, ndipo husema nimekuridhia, mwanangu. Nimeliona likifanywa tangu utotoni. Nilikuwa nimefikiria meno, nimefikiria kimo, nimefikiria kufuli, na maji hayakunijia kichwani hata mara moja.

"Mama, ngoja..."

Alimpulizia. Alipuliza kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyelihifadhi funda lile tangu siku ya msiba. Maji yakapiga kioo, yakaruka, yakanyesha juu ya kompyuta iliyo wazi. Pakasikika tss, ukaja moshi mdogo wenye harufu ya nywele zilizoungua, na kioo kikawa cheusi.

Nikaruka nikachomoa waya ukutani. Mama alibaki ameinama, maji yanamchuruzika kidevuni, anatazama ule weusi. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kwa ajili ya yale maneno mawili.

"Kaondoka tena," akasema.

"Hajaondoka, mama. Mashine imekufa. Ni maji."

"Kaondoka kabla sijamaliza."

Nilikaa kwenye mkeka nikawaza Jumanne, nikawaza rundo la fundi, nikajua kwamba hakuna kadi nyingine duniani itakayopatikana kwa siku moja. Nilimwonea mama huruma, na mdogo wangu, na nafsi yangu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa yeye. Nilipokea.

"Dada, picha imekatika."

"Imekufa. Maji yameingia kwenye kompyuta. Mama hakuwahi kusema..."

"Niliona," akanikatiza. "Niliona mashavu yamejaa. Niliona yanakuja." Akavuta pumzi. "Mwambie nimelowa."

"Unasemaje?"

"Mwambie nimelowa, dada. Kifua chote. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimgeukia mama. "Anasema amelowa. Kifua chote."

Mama alinitazama, akaitazama simu sikioni mwangu. Akajifuta kidevu polepole kwa ncha ya kanga.

"Mwambie ajifute," akasema. "Huko kwao ni baridi, na mgonjwa hakai na nguo mbichi."